Singeli itakuwepo miaka ishirini ijayo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, natengeneza biti za singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, chumbani kwangu hapa Tandale, Dar es Salaam. Ng'ambo wanaiita muziki wa majaribio na wanaipenda. Lakini mjomba wangu, aliyepiga mnanda miaka ya tisini, ananicheka. Anasema hata wao waliwahi kuvuma, na leo hakuna anayewaita kwenye shughuli. Je, muziki wa aina hii unaweza kubaki na uhai miaka ishirini mbele, au nihamie mapema kwenye kitu chenye soko la uhakika?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Mjomba wako anasema kweli kuhusu yaliyowapata wao, ila hitimisho lake silikubali. Mnanda, au mchiriku kama wengine wanavyouita, haukuzikwa. Sikiliza biti zako mwenyewe: ile sauti nyembamba ya kinanda inayozunguka juu kwa juu bila kupumua imetoka kwenye vile vinanda vidogo vya Casio ambavyo vijana wa uswahilini Dar es Salaam waliviunga na spika chakavu, wakavipigia ngoma za Kizaramo chini yake. Waliokuja baadaye Manzese, Tandale na Mburahati walikata vipande vya mnanda na taarabu, wakavizungusha kwenye kompyuta na kuvikimbiza. Mjomba wako yumo ndani ya kazi yako. Kinachomuuma ni kwamba jina lake halimo, wala hela.

Hapo tayari tuna mambo matatu ambayo swali lako limeyafunga fundo moja: jina la muziki kudumu, mbinu zake kudumu, na mpigaji kula kwa kazi yake. Hayaendi pamoja. Mara nyingi mbinu huishi muda mrefu kuliko jina, na jina likaishi muda mrefu kuliko kipato cha walioanzisha. Ukiniuliza kwa ujumla kama muziki wa majaribio unaweza kubaki na maana, nitasema unaweza, na umeshafanya hivyo mara nyingi. Ila haubaki kwa sababu ni mzuri au mpya. Unabaki pale penye watu wanaouhitaji kwa kazi fulani, au penye taasisi inayoulisha na kuutunza. Ukikosa vyote viwili, hata uvumbuzi mkubwa hupotea.

Ushahidi ninaoupenda unatoka Cairo. Mwaka 1944 kijana Mmisri aliyesomea kilimo, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodi sauti kwenye waya kutoka kituo cha redio, akaenda nayo kwenye shughuli ya zar, ambayo ni kupunga pepo kama tunavyojua huku pwani, na inayoongozwa na wanawake. Akarekodi sauti zao. Kisha akarudi kituoni na kuanza kuichezea ile rekodi: akapunguza hiki, akaongeza mwangwi kile, akarekodi upya juu ya rekodi, mpaka maneno yakayeyuka ikabaki sauti tupu inayopanda na kushuka. Leo jambo hilo hufanywa na kila mwenye kompyuta. Mwaka ule hapakuwa hata na jina la kuliita.

Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, alitangaza hewani kazi zilizotengenezwa kwa kelele za kurekodiwa, mojawapo ikiwa imeundwa kwa sauti za treni. Ukifungua vitabu vingi vya historia ya muziki, utaambiwa muziki wa sauti zilizorekodiwa ulianzia hapo. Kwa nini Paris na si Cairo? Masikio ya El-Dabh hayakuwa mabaya. Tofauti ni kwamba Schaeffer alikuwa na redio ya taifa nyuma yake. Alipata studio, akapata wanafunzi na wenzake, akaandika vitabu, na mwaka 1958 kikundi chake kikapangwa upya kwa jina la GRM, yaani Kundi la Utafiti wa Muziki, ambacho kipo hadi leo chini ya taasisi ya Ufaransa inayotunza kumbukumbu za redio na televisheni. El-Dabh alikwenda Marekani mwaka 1950, akawa mtunzi na profesa wa kuheshimika, lakini ile kazi ya Cairo haikuwa na wa kuilea kule ilikozaliwa. Kipande chake kifupi kilitoka kwenye CD mwaka 2000, yaani miaka 56 baada ya kurekodiwa. Majaribio ya aina moja, na kwa miongo mingi dunia ikamjua mmoja tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa singeli ni nani anaitunza. Nitalirudia chini, maana hapo ndipo naona hatari kubwa kuliko unayoiogopa wewe.

Njia ya pili ya kudumu ni ile isiyo na redio ya taifa wala profesa, na inatuhusu zaidi. Dub ya Jamaika, yaani wimbo uliobomolewa ukabaki ala, besi na mwangwi. Pale Kingston, mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye saundi, yaani zile seti kubwa za spika zinazoviringishwa mpaka uwanjani, walikuwa wakishindana kwa rekodi ambazo mwenzao hana. Mwaka 1968 mmoja wao alipewa rekodi ya wimbo uliokuwa unajulikana ambayo fundi alisahau kuingiza sauti ya waimbaji. Akaipiga hivyo hivyo, watu wakaimba wenyewe, uwanja ukalipuka. Kuanzia hapo upande wa pili wa santuri ukawa na ala tupu. Haikuwa sanaa kwanza, ilikuwa kubana matumizi: unalipa wanamuziki mara moja, unapata nyimbo mbili.

Halafu akaingia Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, fundi wa umeme aliyekuwa akisokota transfoma na kutengeneza amplifaya. Alikuwa na meza ya kuchanganyia sauti yenye njia nne tu, iliyonunuliwa kuukuu kutoka studio kubwa, na chumba cha kuingizia sauti kilichokuwa bafu nyumbani kwa mama yake. Kwa vifaa hivyo alifanya kitu ambacho wenye studio za mamilioni hawakuwa wamekifikiria. Alitoa besi, akairudisha, akaiachia sauti ya mwimbaji neno moja kisha akaitupa kwenye mwangwi, akazungusha kitufe kimoja cha kuchuja sauti mpaka ngoma zikasikika kama zinatoka chini ya maji. Meza yenyewe ikawa ala.

Sasa angalia ilivyoisha. Mwaka 1985 ukatoka Jamaika mdundo uliojengwa juu ya mtindo uliokuwemo tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio, aina ya MT-40, uliopangwa na mwanamke wa Kijapani aitwaye Okuda Hiroko. (Ndiyo, Casio tena. Kuna mtu anapaswa kuandika historia ya kile kinanda cha bei rahisi na nchi maskini.) Midundo ya mashine ikatawala, hesabu ya gharama ikabadilika, na dub kama bidhaa ya kila wiki ikafifia nyumbani kwake. Tubby mwenyewe aliuawa kwa risasi Februari 1989.

Ukimuuliza mwuza santuri wa Kingston wa mwaka 1990, angekuambia dub imekwisha. Lakini mbinu zilikuwa zimeshahama. Zilikuwa London kwa wahamiaji wa Karibiani na watoto wao. Zilikuwa New York, ambako maprodyuza wa disko waliiga ule ufundi wa kubomoa wimbo na kuujenga upya, jambo ambalo leo kila msanii wa Bongo Fleva anaagiza bila kujua asili yake, akiliita rimiksi. Zikafika Berlin kwenye tekno miaka ya 1990, na kusini mwa London miaka ya 2000 zikazaa dabstepu. Jina lilipungua nguvu, mbinu ikaenea dunia nzima. Huko ndiko kudumu ninakokujua mimi, na sioni aibu ndani yake.

Tuje kwako. Singeli ina nini na inakosa nini?

Ina uwanja. Hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, wachambuzi wa Ulaya walishtuka. Wakaandika kuhusu kasi, ukali, mustakabali wa muziki wa kielektroniki. Baadaye wakina Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na MCZO, kisha kijana DJ Travella mwaka 2022, wakapata nafasi zao. Hilo ni jema. Lakini hapa nyumbani singeli haikuwahi kuwa muziki wa majaribio. Ni muziki wa kigodoro: umezaliwa kwenye shughuli ya mtaani, turubai limefunga barabara, mama mwenye shughuli anataka watu wacheze mpaka alfajiri, na MC anachana huku akitaja majina ya waliotuza. Man Fongo alipovuma redioni mwaka 2016, na Msaga Sumu na Dulla Makabila walipozoeleka nchi nzima, hakuna aliyewaita wanamajaribio. Waliitwa wasanii wa singeli, basi.

Maana yake una hadhira mbili, na saa zao hazilingani. Hadhira ya tamasha la Ulaya inakuja kwa sababu hujawahi kusikika. Mwaka wa tano utakuwa umeshasikika, nao watahamia kwingine. Sisemi kwa ubaya, ndivyo kazi yao ilivyo, na bajeti zao zinataka kipya kila msimu. Hadhira ya kigodoro haijali kama wewe ni mpya. Inajali kama spika inatosha na kama biti inawanyanyua. Chicago wanakijua kisa hiki vizuri: muziki wao wa futwaki, unaokwenda mapigo 160 hivi kwa dakika, ulikuwa ukichezwa kwenye mashindano ya madensa miaka mingi kabla lebo ya Uingereza, Planet Mu, haijautoa kwa mkusanyiko mwaka 2010. Wimbi la magazeti likaja, likapita. Madensa walikuwa pale kabla yake na walibaki pale baada yake, na prodyuza aliyetaka kujua kama biti mpya inafaa alitazama miguu yao, si maoni ya mchambuzi. Ukiniuliza utengeneze kwa ajili ya nani, nitakujibu utengeneze kwa ajili ya turubai, uwauzie na wale wa tamasha. Ukigeuza mpangilio huo ndipo miaka yako inaanza kuhesabika.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo watayarishaji wengi wa rika lako hawalitaki kulisikia. Kasi ina ukuta. Singeli nyingi iko kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 300: hayo ni mapigo matano kwa sekunde. Ukiyagawa kila pigo mara nne, kama mnavyofanya kwenye zile kengele na makofi, unapata milio 20 kwa sekunde. Na ni karibu na 20 hapo ambapo sikio la binadamu huanza kushindwa kutenganisha milio na kuisikia kama sauti moja inayovuma. Ukizidisha zaidi ya hapo hupati mdundo wa haraka zaidi, unapata noti. Kuna waliojaribu: Ulaya wapo waliopandisha kasi mpaka mapigo elfu moja na zaidi, ngoma ikageuka king'ora. Inafurahisha kusikiliza mara mbili. Hakuna anayeicheza.

Mwili nao umeshaamua zamani. Tazama anayecheza singeli ya 240: kiuno kinakwenda nusu ya hapo, 120, na miguu wakati mwingine robo, 60. Ile kasi ya juu ni mvua inayonyesha juu ya mchezaji, yeye anatembea kwa mwendo wake. Hapo ndipo penye utajiri ambao bado haujachimbwa. Badala ya kushindana nani ana kasi zaidi, jaribu kucheza na uhusiano wa tabaka hizo. Besi ifanye nini kwenye 60 wakati kinanda kiko 240? Ukinyamazisha kinanda kwa sekunde nane, je, watu wataendelea kuisikia kasi vichwani mwao? Tubby aliishi kwa ufundi wa kunyamazisha. Singeli nyingi ninayoletewa na vijana haijui kunyamaza, imejaa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na nikisikiliza biti kumi siwezi kukuambia ya nne ilikuwa ipi. Muziki unaojitambulisha kwa sifa moja tu, iwe kasi, iwe kelele, iwe ukali, huzeeka siku sifa hiyo inapofika mwisho wake.

Sasa lile la utunzaji. Singeli inakosa taasisi, na sioni chuo wala redio ikikimbilia nafasi hiyo kesho. Kazi ziko kwenye flashi, memori kadi za simu na kompyuta zinazokufa kwa umeme wa kukatikakatika. Biti zilizowanyanyua watu mwaka 2008 ziko wapi? Nyingi zimebaki kama nakala ya nakala, sauti imekwaruzika, na mradi wenyewe kwenye programu hauwezi kufunguliwa tena. Haya ndiyo yaliyomkuta El-Dabh, ila yeye alipata bahati ya kuishi hadi miaka 96 na kujieleza mwenyewe. Kila biti unayomaliza, itoe mara tatu: mchanganyiko kamili, kila sauti peke yake kwenye faili la WAV, na faili la mradi. Weka nakala mahali pawili pasipo nyumba moja. Andika tarehe, aliyechana, aliyepiga kinanda, na kipande cha zamani ulichokata umekitoa wapi. Mkusanye mjomba wako na wenzake waliobaki, warekodi wakipiga vizuri, kila ala kwenye njia yake. Utapata sampuli ambazo hakuna mwingine anazo, na wao watapata rekodi ambayo hawakuwahi kuipata.

Na walipe. Nasema hivi kwa sababu historia ya muziki wa kukata vipande ina deni baya. Mwaka 1969 bendi ya Kimarekani, The Winstons, ilirekodi wimbo wenye sekunde chache za ngoma tupu. Sekunde hizo zimekatwa kwenye maelfu ya kazi za watu wengine, na muziki mzima wa jango wa Uingereza miaka ya 1990 umesimama juu yake. Aliyezipiga, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, bila kupata hata senti ya mirabaha. Jango lenyewe, nikutajie tu, lilitangazwa limekufa kabla ya mwaka 2000, na leo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanalitengeneza upya. Muziki ulirudi, mpiga ngoma hakurudi. Kwetu sheria ya hakimiliki tunayoitumia ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Sajili kazi zako, na kabla hujatoa biti kwa MC, andikeni karatasi moja kuhusu nani ana asilimia ngapi. Uswahilini tunaona kuandikishana ni kutoaminiana. Maprodyuza wawili walioelewana kwa mdomo tu huwa wanaacha kusalimiana siku wimbo unapoanza kuingiza hela.

Kuhusu kuhama: soko la uhakika unalolisema sijaliona. Amapiano unayoiwazia, kama nadhani sawa, nayo ilikuwa jaribio la vijana wa vitongoji vya Afrika Kusini wenye kompyuta kama yako, waliokuwa wakigawana mafaili kwenye simu kabla redio haijawataka. Ukiingia leo utakuwa mtu wa elfu kumi kwenye foleni, na wenye nyumba wameshakaa mbele. Hapo Tandale uko karibu na chanzo cha muziki ambao mtu wa Johannesburg au Berlin hawezi kuuiga bila kukosea.

Lakini kodi ya chumba lazima ilipwe, na sikushauri ujidai msanii huku unalala njaa. Chukua kazi za Bongo Fleva, matangazo, kaswida kama unajua adabu yake, hata kuchanganya sauti za mahubiri. Tubby alikuwa na jina Kingston nzima na bado alikuwa akisokota transfoma za wateja. Cha muhimu ni kutenga usiku mmoja wa wiki usio na mteja, ukatengeneza kitu ambacho huna hakika nacho, na Jumamosi ukamwomba DJ wa kigodoro akuwekee dakika mbili, saa tisa usiku, watu wakiwa wamechoka. Kaa pembeni ya spika uwatazame. Wakiondoka, kata kipande kilichowaondoa. Wakibaki, usiguse kitu mpaka ujue kwa nini.